Rukuba na Daftari la Mfalme

Shuleni, miaka ya sitini, tulifundishwa jiografia ya Uingereza kabla ya jiografia ya ziwa ambalo maji yake tuliyanywa. Baadaye chuoni, nikijiandaa kuwa mwalimu, nilisoma kwamba vijiji vingi vya nchi ile vimo katika daftari ambalo Mfalme William aliamuru liandikwe, nalo likakusanywa mwaka 1086. Lilihesabu majembe, vinu na hata nguruwe. Alichotaka mfalme ni kodi. Lakini mwanakijiji wa leo aweza kulifungua akakuta kijiji chake humo.

Rukuba haina daftari la namna hiyo. Ni kisiwa katika Ziwa Victoria, kijiji kimojawapo cha Kata ya Etaro, Musoma Vijijini, na aendaye huko hana budi kuvuka maji. Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua mwaka 1875, akaandika yaliyoonekana kutoka majini. Nani alikuwa akianika samaki nchi kavu, hilo halikumhusu sana.

Je, tuseme kisiwa hakina historia? Mimi nakataa. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, wakati ule ule wa Uhuru, zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 lilifikia tena kimo kile. Mzee akikuonyesha mwalo wa zamani uliomezwa na maji, amekupa tarehe. Na waliokuwa vijana mwaka 1961 sasa wamepita miaka themanini.

Samaki nao wana habari zao. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya hamsini na sitini. Alipozidi miaka ya themanini, aina nyingi za furu zilitoweka, vikaja viwanda vya minofu, na fedha, na wageni wa kila kabila katika makambi ya wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule ya ufukweni aweza kuuona mwezi katika daftari la mahudhurio: wavulana hupungua giza linapoingia.

Hilo ndilo daftari letu, hata kama hakuna mfalme aliyeliamuru. Katika shule moja ya mwambao nimeyaona ya miaka ishirini nyuma yakifungia maandazi.