Amiri na Vikosi Vyake katika Michezo ya Vita ya Kompyuta

Amri ni neno, na neno halina mikono. Ili liwe tendo, hapana budi lipite katika masikio ya mtu mwingine, alifahamu, alikubali, kisha atende. Katika jeshi la serikali, nyuma ya amri pana sheria, mshahara na adhabu. Lakini yako majeshi yasiyo na hata kimoja katika vitu hivyo vitatu. Hayo ni majeshi ya michezo ya vita ya kompyuta, ambamo watu wasiojuana, kila mtu nyumbani kwake, hukutana kwa njia ya intaneti, wakagawanyika pande mbili na kupigana kwa silaha za picha tu. Historia ya michezo hiyo ni fupi, lakini yatosha kutuonyesha ni nini hasa kinachomfanya mtu amtii mwenziwe.

Mwaka 1993 ulipotolewa mchezo wa Doom, watu wanne tu waliweza kukutana uwanjani, na watu wanne hawana haja ya amiri. Haja hiyo ilizaliwa pande zilipokua. Katika Starsiege: Tribes, wa mwaka 1998, palikuwa na ramani ya kutolea amri, tena mchezaji aliweza kubonyeza vitufe vichache, na wenziwe wakasikia sentensi iliyokwisha rekodiwa.

Mwaka 2002 ukatokea Natural Selection, uliojengwa juu ya mchezo wa Half-Life. Upande wa askari, mtu mmoja alikaa katika kiti cha amri, akautazama uwanja kutoka juu kama mwewe. Yeye ndiye aliyegawa dawa na silaha, na ndiye aliyechagua mahali pa kujenga. Lakini hakuna jengo lililosimama mpaka askari alijenge kwa mkono wake. Walipochoshwa naye, waliweza kupiga kura wakamwondoa. Mamlaka yake yalikuwa mkopo, na wadai walikuwa wale wale aliowaamuru.

Mpango uliotimia zaidi ulikuja mwaka 2005 katika Battlefield 2, kazi ya kampuni ya DICE ya Sweden. Watu 64 waliweza kupigana pamoja, 32 kila upande. Kila upande ulikuwa na amiri mmoja, na vikosi visivyozidi watu sita kila kimoja. Amiri alikuwa na mizinga, chombo cha kupeleleza kutoka angani na shehena za kuangusha kwa mwavuli. Mtu angedhani nguvu yake ilikuwa humo. Sivyo. Nguvu yake ilikuwa katika njia ya sauti: amiri alisema na wakuu wa vikosi, na kila mkuu akasema na watu wake. Mkuu aliyekataa kusikia aliikata amri njiani, na mizinga yote isingeiunga.

Mwaka 2011 Battlefield 3 ulitoka bila amiri, na mwaka 2013 Battlefield 4 ukamrudisha. Yeye aliweza kuondoka na kurudi, vikosi havikuondoka. Katika Hell Let Loose, uliokamilika mwaka 2021, ambamo watu 50 hupambana na 50, mkuu wa kikosi husikiliza njia mbili kwa wakati mmoja: ya viongozi wenziwe na ya watu wake. Kazi yake ni kuchuja. Akipitisha kila neno, askari huchanganyikiwa. Akizuia kila neno, hupigana gizani.

Yuko atakayetukumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ni kweli kwa wanaogombea usukani mmoja. Hawa kila mmoja ana usukani wake, na amiri huwapa bandari ya kuelekea.

Lakini sauti nayo ina madhara yake. Njia ile ile ipitishayo amri hupitisha matusi, na wanawake wengi wamechagua kunyamaza ili wasitambuliwe. Ndiyo sababu alama za Apex Legends, wa mwaka 2019, zilisifiwa sana: mchezaji huelekeza mahali, akabonyeza, na wenziwe wawili wakaona adui alipo au silaha ilipo, bila kusema neno wala kuwa na lugha moja. Hata hivyo alama huonyesha mahali; haiwezi kueleza sababu, wala kumtuliza aliyekata tamaa.

Wanafunzi wa historia wamezoea kuwatazama maamiri, kwa kuwa majina yao ndiyo yaandikwayo. Michezo hii yatushauri tumtazame pia mtu wa katikati, asikiaye juu na kusema chini. Pasipo adhabu wala mshahara, yeye ndiye aamuaye kama amri itakuwa tendo au itabaki sauti. Naye huyo hutiiwa kwa sababu moja tu: watu wake wameona kwamba huwasikiliza.