Choo Shin-soo: Mkorea aliyecheza besiboli Marekani huku jeshi likimngoja

Hapa kwetu tukisema mpira, kila mtu anaelewa mpira wa miguu. Besiboli hatuioni sana. Lakini kule Korea ya Kusini ni mchezo mkubwa, viwanja vinajaa, na wachezaji wake wanajulikana mpaka kwa mama wa sokoni. Mmoja wao ni Choo Shin-soo. Choo ndilo jina la familia, maana Wakorea wanatanguliza jina la ukoo.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, mpigaji anaupiga kwa fimbo nene, kisha anakimbia kupitia vituo vinne. Akirudi alipoanzia, ekipe yake inapata pointi moja. Mpira ukipita juu ya ukuta wa kiwanja, hiyo ni homurani, na mpigaji anazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa. Mchezaji anaweza pia kuiba kituo, ni kusema anakimbia kwenda kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Kazi ya Choo ilikuwa kupiga, kukimbia, na kulinda sehemu ya nyuma ya kiwanja, kule mipira mirefu inakoangukia.

Kutoka Busan mpaka Seattle

Choo alizaliwa tarehe 13 mwezi wa saba 1982 mjini Busan, mji wa bandari. Mjomba wake, Park Jeong-tae, alikuwa mchezaji wa Lotte Giants, ekipe ya mji huo. Akiwa kijana, Choo alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto. Mwaka 2000 Korea ilishinda kombe la dunia la vijana huko Edmonton, Canada, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Mwaka huohuo akasaini mkataba na Seattle Mariners ya Marekani. Walipompokea wakamwambia aache kurusha, awe mpigaji na mlinzi wa nyuma. Basi akaanza upya. Alipita miaka mingi katika ligi ndogo, ambako mshahara ni mdogo na safari za basi ni ndefu. Baadaye alisimulia kwamba kuna siku alikuwa anabana pesa za chakula ili amnunulie mtoto wake nepi.

Aliingia ligi kuu mwezi wa nne 2005, lakini Seattle hakupata nafasi. Upande wa kulia wa kiwanja ulikuwa na mwenyewe, Mjapani Ichiro Suzuki. Mwezi wa saba 2006 akapelekwa Cleveland, na huko ndiko nyota yake ilikoanza kung'aa. Mwaka 2009 alipiga homurani 20 na kuiba vituo 21 katika msimu mmoja. Hakuna mchezaji kutoka Asia aliyekuwa amefikisha 20 na 20 katika ligi hiyo kabla yake. Mwaka uliofuata akarudia: 22 na 22.

Swali la jeshi

Lakini kulikuwa na jambo lililomfuata kama kivuli. Korea ya Kusini, kila mwanaume mwenye afya lazima aende jeshini karibu miaka miwili. Kwa mwanamichezo, miaka miwili nje ya kiwanja inaweza kumaliza kazi yote. Sheria inatoa mlango mdogo: ukileta medali ya Olimpiki, au dhahabu ya Michezo ya Asia, unasamehewa, unafanya mafunzo ya wiki chache.

Choo alikosa mlango huo zaidi ya mara moja. Mwaka 2006 Korea ilifika nusu fainali ya kombe la dunia la besiboli, na wachezaji wakasamehewa. Yeye hakuwemo. Mwaka 2008 Korea ilichukua dhahabu ya Olimpiki Beijing, naye alikuwa kazini Cleveland, kwa kuwa ligi kuu ya Marekani haikusimama. Mwaka 2009 alikuwemo, akapiga homurani katika fainali ya kombe la dunia, lakini Japani ikashinda 5 kwa 3, na nafasi ya pili haikubadilisha kitu.

Ikabaki Michezo ya Asia ya 2010 huko Guangzhou, China. Choo alikuwa na miaka 28. Katika fainali Korea iliifunga Taiwan 9 kwa 3. Mlango ukafunguka.

Kushuka na kupanda tena

Mwaka 2011 ulikuwa mubaya. Polisi walimkamata akiendesha gari huku amekunywa pombe, akaomba msamaha mbele ya watu. Kisha mpira ukamvunja kidole gumba. Lakini mwaka 2013, akiwa Cincinnati Reds, alirudi na nguvu, na mwisho wa mwaka huo akasaini Texas Rangers: miaka saba, dola milioni 130. Mwaka 2018 alifika kituoni katika mechi 52 mfululizo, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wote.

Mwaka 2020, Korona iliposimamisha michezo, Choo hakusahau zile siku za nepi. Aliwapa wachezaji wa ligi ndogo za Texas dola 1,000 kila mmoja. Walikuwa zaidi ya 190.

Kurudi nyumbani

Mwaka 2021 alirudi Korea, ekipe ya SSG Landers ya mji wa Incheon. Mwaka 2022 wakachukua ubingwa. Katika miaka yake yote Marekani hakuwahi kuupata. Aliupata nyumbani, na miaka 40. Msimu wake wa mwisho, 2024, alikubali mshahara wa chini kabisa wa ligi, na huo nao akautoa msaada.

Hesabu yake katika ligi kuu ya Marekani

Mechi: 1,652
Homurani: 218
Vituo alivyoiba: 157
Ekipe: Seattle, Cleveland, Cincinnati, Texas