Wakatoliki na Maandiko ya Kiswahili Yaliyotengenezwa na Waprotestanti, 1844–1996

Mnamo tarehe 8 Mei 1844, Papa Gregori wa Kumi na Sita alitoa waraka uitwao Inter Praecipuas, ambamo alivishutumu vyama vya Biblia vilivyokuwa vikieneza Maandiko Matakatifu katika lugha za mataifa bila idhini ya Kanisa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Juni, Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na Church Missionary Society ya Waanglikana, aliketi mjini Mombasa akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi Mwislamu wa mji huo. Matukio hayo mawili hayakuhusiana kwa lolote. Hata hivyo yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo ambalo lingewakabili Wakatoliki wa Afrika Mashariki kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja: Maandiko ya imani yao yalianza kuandikwa kwa Kiswahili na mikono ambayo Kanisa lao halikuiruhusu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi Wakatoliki wanaotumia Kiswahili walivyohusiana na vitabu na nyimbo za dini zilizotengenezwa na Waprotestanti. Hoja itakayotetewa ni kwamba, kwa upande wa lugha, mpaka uliokatazwa kuvukwa ulikuwa umekwisha kuvukwa zamani kabla ya ruhusa kutolewa. Na kwamba baada ya ruhusa hiyo, tofauti iliyobaki haikuwa ya maneno bali ya orodha ya vitabu, na tofauti hiyo si ndogo.

Sheria na sababu zake

Yafaa kwanza kueleza katazo lenyewe, kwa kuwa mara nyingi hudhaniwa kuwa lilitokana na chuki tu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni ya 1399, ulikataza matoleo ya Maandiko Matakatifu yaliyotolewa na wasio Wakatoliki, pamoja na vitabu vyao vinavyoshughulikia dini kwa makusudi, isipokuwa ikithibitika kwamba havina jambo linalopingana na imani ya Kikatoliki. Kanuni ya 1400 iliwaruhusu wanaosoma elimu ya dini au ya Maandiko kuyatumia matoleo hayo, mradi yawe yametafsiriwa kwa uaminifu na yasiwe na utangulizi au maelezo ya kuipinga imani. Hata tafsiri ya Wakatoliki wenyewe, kwa mujibu wa kanuni ya 1391, haikuweza kupigwa chapa ila kwa idhini ya Roma, au chini ya uangalizi wa maaskofu na ikiwa na maelezo. Shabaha ya sheria hizo ilikuwa kwamba msomaji asiachwe peke yake na maandishi.

Kwa sababu hiyo misheni za Kikatoliki zilishika njia nyingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadri Weupe, walioelekea bara mwaka 1878, waliitegemea zaidi katekisimu, sala zilizohifadhiwa moyoni, na mafundisho ya mdomo. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe kwamba mtu afundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Kwa Mprotestanti, kujua kusoma kulikuwa karibu sawa na kuingia dini. Kwa Mkatoliki, sikio na kumbukumbu vilitangulia.

Wakati huo huo tafsiri za Waprotestanti zilizidi kuongezeka. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika Unguja mwaka 1864, akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na kazi aliyoianzisha ilizaa Biblia nzima katika lahaja ya Kiunguja mwaka 1891. Huko Mombasa, kazi ya wamisionari wa Church Missionary Society, miongoni mwao W. E. Taylor, ilifikia Biblia ya Kimvita mwaka 1914. Mlutheri Karl Roehl alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Hatimaye tafsiri iliyokusudiwa kuyaunganisha makanisa ya Kiprotestanti chini ya Kiswahili sanifu, iliyoitwa Union Version, ilitoka mwaka 1952. Yafaa ikumbukwe kwamba Steere na wenzake wa Misheni ya Vyuo Vikuu, waliokuwa karibu sana na desturi za Kikatoliki katika ibada, wasingependa kuitwa Waprotestanti. Lakini kwa macho ya Roma wao nao walikuwa nje.

Ugomvi katika lugha moja

Tukio moja lililotokea Buganda linaonyesha wazi hali ilivyokuwa. Alexander Mackay wa Church Missionary Society, aliyewasili huko mwaka 1878, alikuwa akimsomea Kabaka Mutesa na watu wa ikulu sehemu za Injili kwa Kiswahili, lugha iliyofahamika hapo kutokana na biashara ya pwani. Mwaka 1879 alifika Padri Simeon Lourdel wa Mapadri Weupe. Mackay aliandika kwamba Jumapili moja ya mwezi wa Juni mwaka huo, Lourdel alikataa kushiriki ibada iliyofanywa mbele ya Kabaka, na alipoulizwa sababu alisema kwamba hawakukitambua kitabu kile kwa kuwa kilikuwa cha uongo. Habari hii imetoka kwa upande mmoja wa wagomvi, na msomaji hana budi kuipokea kwa hadhari. Lakini Mackay anaongeza jambo ambalo hakuwa na sababu ya kulizua: kwamba Lourdel aliyasema hayo kwa mchanganyiko wa Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa. Basi padri aliyekikataa kitabu cha Kiswahili alilazimika kukikataa, kwa sehemu, kwa Kiswahili.

Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mkatoliki aliyetaka kusema juu ya dhambi, toba, imani, neema, rehema, sadaka, malaika au shetani, hakuwa na maneno mengine ila hayo hayo yaliyotumiwa na Steere na Krapf. Na wao hawakuyabuni. Waliyapokea kutoka kwa Waswahili Waislamu, ambao walikuwa wameyatumia kwa karne nyingi katika misikiti, vyuoni na katika tenzi zao. Neno Injili lenyewe, na neno Zaburi, yalijulikana pwani kabla ya mmisionari yeyote kutia nanga. Kwa hiyo kabla Mkatoliki hajaazima kwa Mprotestanti, Mprotestanti alikuwa ameazima kwa Mwislamu. Roehl aliliona jambo hili akajaribu kulirekebisha kwa kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu katika Biblia yake. Jaribio hilo halikufaulu kuibadili lugha ya kanisa: Union Version ya mwaka 1952 iliyarudia mengi ya maneno ya Kiarabu, kwa sababu wasomaji walikuwa wameyazoea.

Wakatoliki nao waliongeza yao katika msamiati huo wa pamoja: misa, padre, altare, sakramenti, rozari, komunyo. Maneno haya yanahusu zaidi ibada na uongozi wa Kanisa. Ni nadra kuyakuta yakichukua nafasi ya maneno ya msingi yaliyokwisha kuwapo.

Alama za kutambuliana

Ikiwa msamiati ulikuwa mmoja, watu walitambuanaje? Mara nyingi walitambuana kwa irabu moja. Mkatoliki husalimu kwa kusema "Tumsifu Yesu Kristu", naye mwenzake huitikia "Milele, amina". Mprotestanti husema "Bwana Yesu asifiwe". Mmoja hutamka Kristu kwa kufuata Kilatini, mwingine Kristo kwa kufuata Kiyunani. Huko Uganda alama hiyo ilikuwa kali zaidi, kwani Wakatoliki waliandika Yezu Kristu na Waanglikana Yesu Kristo. Majina ya Maandiko pia yaligawanyika. Union Version ina Mariamu, Yusufu na Yohana, majina yaliyo karibu na matamshi ya Kiarabu na ya Kiebrania, ilhali katika sala za Kikatoliki husikika Maria, Yosefu na Yohane. Tofauti hizi hazibadili fundisho lolote, lakini zilitosha kumjulisha msikilizaji mtu ametoka misheni gani hata kabla hajataja jina la padri wala la mchungaji wake.

Ruhusa na mipaka yake

Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulibadili hali hiyo kwa hatua zinazofuatana. Konstitusyo juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 iliruhusu lugha za watu katika ibada. Hati ya Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965 ilisema kwamba Wakristo wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko, na kwamba tafsiri zikifanywa pamoja na ndugu waliotengana, kwa kibali cha wenye mamlaka, Wakristo wote wataweza kuzitumia. Mwaka 1966 kanuni ya 1399 iliondolewa nguvu yake. Mwaka 1968 Roma na Muungano wa Vyama vya Biblia vilitoa kwa pamoja kanuni za kuongoza ushirikiano katika kutafsiri. Kanuni hizo zilisahihishwa mwaka 1987. Vyama vilivyoshutumiwa mwaka 1844 sasa vilikuwa washirika.

Katika uimbaji, mabadiliko yalikuwa ya ghafla. Parokia ambazo ibada yake ilikuwa kwa Kilatini zilihitaji nyimbo za Kiswahili, na Waprotestanti walikuwa nazo tele. Wimbo huvuka mpaka kwa urahisi kuliko kitabu, kwa kuwa mwimbaji hana haja ya kuona ukurasa wenye jina la mtungaji. Hata hivyo Mtaguso uliweka sharti, katika kifungu cha 121 cha Konstitusyo hiyo, kwamba maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Kikatoliki na yachotwe hasa katika Maandiko na liturujia. Kwa kipimo hicho, wimbo wa Kiprotestanti unaomsifu Mungu au kueleza mateso ya Kristo hauna kizuizi. Wimbo unaofundisha kwamba imani peke yake yatosha unahitaji kufikiriwa. Wala Wakatoliki hawakubaki kuwa wapokeaji tu: Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alikwisha kuchapisha mwaka 1963 uchunguzi juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitafuta njia ya Waafrika kuimba kwa sauti yao wenyewe.

Upande wa redio, mpaka ulikuwa dhaifu zaidi. Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyoanzishwa na Walutheri mwaka 1963 na kutwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977, ilitangaza kwa Kiswahili pia, na hapana sheria iliyoweza kumzuia jirani Mkatoliki asisikie.

Lakini wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Chama cha Biblia cha Uingereza kiliamua mwaka 1826 kutogharimia vitabu ambavyo Wakatoliki huviita vya Deuterokanoni: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na vitabu viwili vya Makabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Wakatoliki huvihesabu kuwa Maandiko kamili, kama ilivyothibitishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1546. Toleo la kawaida la Union Version halina vitabu hivyo. Mkatoliki mwenye toleo hilo akifiwa na mzazi wake, hawezi kuyapata humo maneno ya sura ya tatu ya Hekima juu ya roho za wenye haki, ambayo Kanisa lake huyasoma mazishini. Wala hawezi kuipata sura ya kumi na mbili ya Makabayo ya pili, inayotegemewa katika fundisho la kuwaombea marehemu. Anaweza kuisoma Biblia hiyo maisha yake yote bila kukuta neno moja la kumpotosha, na bado siku ya msiba akakuta pengo. Hapa ndipo mashaka ya zamani yalipokuwa na msingi: hatari haikuwa katika kilichoandikwa, bali katika kilichoachwa.

Tafsiri ya ushirikiano wa makanisa, iitwayo Biblia Habari Njema, yenye hati miliki ya mwaka 1995 na 1996, ilijaribu kuliziba pengo hilo. Hutolewa pia pamoja na vitabu vya Deuterokanoni. Na kanuni za mwaka 1968 zilielekeza kwamba vitabu hivyo viwekwe mahali pake peke yake kabla ya Agano Jipya, na kwamba maelezo yasiwe ya kutetea fundisho la upande wowote. Katika majina, tafsiri hiyo inaonyesha mapatano yaliyofikiwa kimya kimya: ndani yake mna Maria, Yosefu na Yohane, kama Wakatoliki walivyozoea, lakini mna Kristo, kama Waprotestanti walivyozoea.

Kwa kumalizia, swali la kama Mkatoliki aweza kutumia kazi ya Mprotestanti halikujibiwa Roma peke yake. Lilijibiwa kwanza na wasemaji wa Kiswahili, ambao hawakuwa na maneno mawili ya dhambi wala mawili ya neema. Sheria iliweza kukataza kitabu. Haikuweza kukataza msamiati. Lakini kosa lingekuwa kusema kwamba kwa sababu lugha ni moja, tofauti zimekwisha. Parokia inayowanunulia waumini wake Biblia haina budi kutazama orodha ya vitabu kabla ya kutazama bei, na mwalimu wa kwaya hana budi kuyasoma maneno kabla ya kuifundisha sauti. Na wote wawili, Mkatoliki na Mprotestanti, wanapoyafungua Maandiko ya Kiswahili, wanasoma kwa lugha ambayo mwaka 1844 ilifafanuliwa kwa subira, neno kwa neno, na kadhi Mwislamu wa Mombasa.