Sayansi ghushi, wala si sayansi bandia

Tulikuwa chini ya mwembe, mkabala na ofisi ya mtendaji wa kijiji, huku Kahe, Moshi. Mhudumu wa afya alikuja na kipeperushi kuhusu watoto wachanga wanaochokolewa ufizi ili kutolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka akafika kwenye mstari ulioandikwa kwa herufi nene: "Jihadharini na sayansi bandia." Mzee mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mguu wake wa kulia, akapandisha suruali hadi gotini, akaugonga kwa bakora. Ukalia ko, ko.

"Mama dokta," akasema, "na huu ni bandia. Nilitengenezewa hospitali ya KCMC, na ndio ulionileta hapa leo. Sasa hiyo sayansi bandia ubaya wake nini?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la mtu anayeijua lugha yake. Mhudumu akatazama karatasi, karatasi haikumsaidia, akageuza ukurasa.

Swali lile lilinichoma, kwa sababu nafahamu jinsi neno lile lilivyofika kwenye kipeperushi. Nilikuwepo lilipopitishwa kuwa Kiswahili cha pseudoscience. Ilikuwa katika kamati ambayo sitaitaja, ndani ya ukumbi wenye feni nzuri, nasi tuliojua lugha ya vijijini tulipewa dakika tano kabla ya chai. Pendekezo langu lilifutwa ubaoni nikiwa bado nimesimama. Nimenyamaza miaka mingi. Baada ya swali la mzee yule, kunyamaza sasa ni kosa.

Tuanze na hilo bandia. Msemaji wa Kiswahili hukutana nalo akiwa mdogo, katika mtoto wa bandia, mwanasesere anayebebwa mgongoni na kubembelezwa. Akikua anakutana na meno bandia, nywele bandia, kope bandia, mguu bandia. Katika mifano yote hiyo kitu bandia kimeshika nafasi ya kitu halisi na kinajitahidi kufanya kazi yake, na wala hakimdanganyi mtu. Bibi mwenye meno bandia anatafuna nyama, na jioni anayatia kwenye glasi ya maji mbele ya wajukuu. Na hapa Moshi neno hili lina heshima ya pekee, kwani TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo pale KCMC tangu 1981, kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Ukimwambia mtu wa Kahe au wa Himo kwamba kitu fulani ni bandia, mara nyingi anachokiona kichwani ni msaada. Kweli zipo noti bandia na dawa bandia, sikatai. Lakini istilahi inayotaka msikilizaji achague kwanza kati ya mguu unaotembea na noti isiyonunua imeshashindwa kazi yake. Tena fikiria kipeperushi chenyewe: kinamwambia mama kwamba habari za meno ya plastiki ni sayansi bandia, na mama huyo anajua kabisa kwamba meno bandia hutengenezwa kwa plastiki. Waliopitisha neno hawakuisoma sentensi hiyo kwa sauti hata mara moja.

Neno istilahi lenyewe lingewafunza. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa herufi za swad, lam na ha, mzizi uliotupa suluhu, maslahi na kusuluhisha. Istilahi kwa asili ni jambo ambalo watu wamepatana juu yake. Pasipo kupatana hakuna istilahi, kuna amri tu. Elimu nayo ina ukoo mpana kuliko tunavyodhani: mwalimu, taaluma, maalumu, alama, hata ulimwengu, wote ni watoto wa mzizi mmoja. Kwa muda mrefu elimu ilibeba mzigo wote wa kujua, wa dini na wa dunia. Kisha likaja sayansi, kutoka Kiingereza, ambacho nacho kililipata katika Kilatini, na maana yake huko ni kujua tu. Sina ugomvi na sayansi, limeshakuwa letu. Nataja ukoo huu ili ionekane kwamba tulipokopa jina tulikopa na heshima yake, na palipo na heshima hapakosi anayetaka kuivaa bila kuifanyia kazi.

Wapinzani wangu wana maneno yao. Mmoja alitaka sudosayansi, akajitetea kwamba Kiswahili kimezoea kuiangusha ile p ya Kigiriki, kama kilivyofanya katika saikolojia. Fonolojia yake ni safi, sina neno. Lakini "sudo" haimwambii chochote mtu wa Kahe, wala wa Kilwa. Mwingine anashikilia imani potofu. Hilo linahukumu moyo wa mtu, na linakusanya katika gunia moja mwenye kuogopa bundi, mwenye kuomba mvua na muuza vidonge vya kutibu kila kitu. Wa tatu, huyu ana sauti kubwa, anapenda sayansi uchwara. Uchwara ni neno tamu, nalitumia kila siku, ila linapima ubora. Mtafiti aliyepima wagonjwa kumi akatangaza makubwa kafanya sayansi uchwara, na bado ni sayansi, inaweza kusahihishwa na utafiti ulio bora. Kitu tunachokitafutia jina hakisahihishiki, kwa kuwa hakikuwahi kuwa sayansi. Kilichochukua ni sura yake tu.

Jina lake ni ghushi. Neno hili limetoka katika kitenzi cha Kiarabu cha kudanganya kwa kuchanganya, kama mwuza maziwa anayeongeza maji. Waswahili walilipokea wakalipeleka ofisini: kughushi saini, kughushi hati, kughushi muhuri. Hakuna Mtanzania mzima asiyelijua. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokabidhiwa majina ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, neno hilo lilisikika katika kila kijiwe cha kahawa. Majirani zetu wa Kenya wanasema vyeti ghushi, bila "vya ku-", na masikio yetu yanalipokea bila shida. Sasa tazama cheti cha kughushi kilivyo. Karatasi nzuri, nembo ipo, muhuri upo, saini ipo. Kilichokosekana ni masomo. Ndivyo ilivyo sayansi ghushi: koti jeupe lipo, "utafiti unaonyesha" ipo, jina la Kilatini la mti lipo, na kilichokosekana ni kupima.

Na ghushi ni kitenzi, jambo ambalo kamati haikutaka kulisikia. Bandia haina mtendaji, imekaa tu. Ukisema imeghushiwa, papo hapo unaulizwa: nani kaghushi?

Kwa neno hili pia tunamwachia mganga wa jadi haki yake. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na mzee anayechemsha mwarobaini akasema "hivi ndivyo alivyofanya babu yangu" hajaghushi kitu. Ametaja chanzo chake kwa uaminifu. Dawa yake inaweza isifae, hilo ni la kupimwa, lakini muhuri wa mtu hakuuazima. Mwaka 2011 magari yalipita Moshi usiku na mchana kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyetoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Mzee yule alisema wazi kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa. Hilo lilikuwa dai la imani, na lilikuja na jina lake halisi. Ghushi ilizaliwa njiani. Wakubwa walisema kinywaji hakina sumu, na kabla maneno hayajafika stendi ya Moshi "hakina sumu" ilikuwa imegeuka "kimethibitishwa". Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa ajili ya neno hilo moja. Wapo waliofia kwenye foleni. Kipeperushi kinachoita yote hayo sayansi bandia kinamtukana mzee wa watu na kumwacha mghushi aende zake.

Nirudi kwenye meno. Mtoto wa miezi minne au mitano anapata homa, anaharisha, hanyonyi. Jirani anamfunua mdomo, anaona ufizi umevimba kidogo na una weupe pale chonge zitakapoota. Ni chonge zenyewe, bado changa. Anasema hayo ndiyo meno ya plastiki, na mtu anaitwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Ufizi unachimbwa. Damu inatoka, wadudu wanaingia, hata pepopunda, na chonge ya ukubwani inaweza kuota kombo au isiote kabisa. Homa yenyewe, ambayo huenda ni malaria, inabaki ndani ya mtoto. Watu hulichukulia jambo hili kama mila. Hasha. Bibi zetu hawakuwa na plastiki. Meno haya yalianza kuvuma nchini katika miaka ya 1980, mengine yakiitwa ya nailoni, na jina lilikopwa dukani na kiwandani ili ugonjwa usikike kuwa wa kisasa, wa kitaalamu. Muhuri ulighushiwa ndani ya jina lenyewe.

Yule mwenye sauti kubwa aliniuliza: basi mama aliyempeleka mtoto naye ni mghushi? Hapana, na Kiswahili kinajua hivyo kabla yangu. Mwenye kupokea noti ya kughushi bila kujua si mghushi, ni aliyeibiwa. Pale soko la Mbuyuni mwuza vitunguu huinyanyua noti ya elfu kumi akaitazama kwenye mwanga. Mama wa Kahe saa nane za usiku, mtoto anachemka, ana mwanga gani wa kuyatazamia maneno ya jirani? Anachoweza ni kumwamini mtu, na kuamini ni ndugu wa amana: umeweka chako mkononi mwa mwingine.

Huku kwetu amana hiyo imewahi kutunzwa vizuri. Watafiti walitega mbu kwa miaka katika majaruba ya mpunga ya huku chini Moshi, wakitarajia kwamba penye maji na mbu wengi ndipo penye malaria nyingi. Mbu waliwakuta wengi kweli, lakini maambukizi yalikuwa madogo kuliko katika kijiji kikavu kisicho na mpunga, na wakayatangaza hayo kinyume cha matarajio yao wenyewe. Mghushi hawezi kufanya hivyo, hana daftari la kumpinga.

Kuhusu matumizi: sayansi ghushi, kughushi sayansi, mghushi, ngeli ni ya sayansi, na ghushi haibadiliki.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata yule mzee, mhudumu akiwa pembeni. Nikamwambia, baba, futa lile bandia, sema sayansi ya kughushi. Akafikiri kidogo, bakora ikiwa imesimama katikati ya miguu yake miwili.

"Kama vile vyeti?"

"Kama vile vyeti."

"Basi semeni hivyo. Na hayo ya meno, aliyeghushi ni nani, yuko wapi?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa anaondoka, akasimama. Akataja kitongoji. Mhudumu akageuza kipeperushi, akakiandika nyuma.