Mzigo, Mzinga, Mzungu, Mzenga

Ndugu msomaji, kabla hatujaenda mbali, hebu soma neno hili: KT. Nimeondoa irabu tu, sijaiba kitu kingine. Umesoma nini? Kiti? Haya. Jirani yako kasoma kata, mwingine keti, mwingine kutu. Mimi mwenyewe nimekaa na kalamu nikapata kumi na tatu bila kutoka jasho: kata, kati, katu, kete, keti, kita, kiti, kito, kitu, koti, kuta, kuti, kutu. Na hapo sijagusa ukuta, kitaa wala kataa. Lakini nikikuambia kwamba mada ni nguo, utacheka, maana sasa jibu ni moja tu.

Huu ndio mchezo tunaoucheza kijiweni kwetu Maili Moja, Kibaha, jioni tukisubiri watu wa kikundi cha uandishi wafike. Mtu anatoa mada, halafu anaandika maneno yasiyo na irabu kwenye karatasi, wengine wanawania. Wiki moja mada ilikuwa majina ya Pwani. KBH likajibiwa kabla kalamu haijanyanyuka. KSRW vilevile. PG ikaleta ubishi kwa sababu kuna aliyesema piga, mwenzake akamjibu kwamba piga siyo mahali bwana, ni Pugu. MNRMNG, ambalo kwa macho linatisha kama namba ya gari la jeshi, ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote: Maneromango. Hilo lilinifundisha kitu. Neno refu linajilinda lenyewe. Neno fupi ndilo linalohitaji ulinzi wa mada.

Nasikia Uingereza kuna mashindano ya televisheni yanayoitwa Only Connect, yaliyoanza mwaka 2008, na raundi yake ya mwisho ni mchezo huuhuu. Mtangazaji anataja mada, irabu zimetolewa, nafasi kati ya konsonanti zimepangwa ovyo ili macho yapotee. Wenyewe wanauona mchezo wa watu wenye vichwa. Mimi nilipousikia nilicheka, kwa sababu pwani yetu tumeucheza mamia ya miaka, tena kwa mahari, kwa madeni na kwa mashamba, na hakuna aliyekuwa anapewa pointi.

Nazungumzia maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Kabla ya shule za wamisionari na za serikali kuenea, Mswahili aliyejua kuandika aliandika kwa herufi alizojifunza chuoni, yaani zilezile za msahafu. Barua, mashairi, hati za mauzo, vyote viliandikwa hivyo. Wajerumani walipoingia waliwakuta maliwali na majumbe wa pwani wanaandikiana namna hiyo, na maofisa wao ikabidi wajifunze kuzisoma barua hizo wasije wakadanganywa. C. G. Büttner alichapisha huko Berlin mwaka 1892 mkusanyo mzima wa barua na hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, akaweka na maandishi ya Kilatini pembeni ili mwanafunzi ajue kilichoandikwa. Carl Velten naye akatoa mwaka 1901 kitabu cha kufundishia hati hiyo. Fikiria, ndugu yangu, dola zima linanunua kitabu cha kufumbulia mafumbo!

Maana lilikuwa fumbo kwelikweli. Kiarabu kinaweza kuishi bila irabu kwa sababu mzizi wa neno uko kwenye konsonanti. K, T na B zikikaa pamoja unajua kuna habari za kuandika, na sisi tumechukua humo kitabu, katibu na maktaba. Irabu zinakuja juu yake kama nguo. Kiswahili chetu sivyo. Kwetu karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, kwa hiyo ukizitoa umetoa karibu nusu ya neno. Kisarawe ina herufi nane, nne zinaondoka. Halafu irabu zetu zina kazi nzito. Alimpa na ulimpa zinatofautiana kwa irabu moja tu ya mwanzo, na hiyo moja ndiyo inayosema nani katoa mali.

Alama za irabu zilikuwepo, usinielewe vibaya. Aliyeandika kwa uangalifu, hasa mashairi, alizitia. Lakini hata akizitia, alama za Kiarabu ni tatu na irabu zetu ni tano. Alama moja inabeba i na e, nyingine inabeba u na o. Kwa hiyo mtu na mto, ambavyo sisi tumevizoea kama vitu viwili, katika hati hiyo vinavaa shati moja. Na mtu wa biashara aliyekuwa na haraka zake hakuzitia kabisa.

Konsonanti nazo zilikuwa na upungufu. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Waandishi wengi walitumia be hiyohiyo kwa b, kwa p na kwa mb. Fe kwa f na v. Ghaini kwa g, gh na ng. N na m zinazotangulia konsonanti nyingine mara nyingi ziliachwa, msomaji azitie mwenyewe. Wapo waliojaribu kurekebisha. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alitengeneza hati iliyobeba vizuri zaidi sauti za Kimvita, na huyu ndiye aliyeyakusanya na kuyanakili mashairi ya Muyaka bin Haji, yale ambayo Hichens alikuja kuyachapisha kwa Kilatini mwaka 1940. Bila nakala zake leo tungekuwa tunabishana sana kuhusu Muyaka. Tunabishana hata hivyo, lakini kidogo.

Sasa nieleze kwa nini mimi, mtoto wa Maili Moja, niliingia katika mambo haya. Sikuyatafuta, yalinifuata.

Kule Kisarawe ukoo wetu una karatasi moja. Aliiacha baba yake babu. Ni hati ya kununua shamba, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tarehe yake ni ya Kiislamu, mwaka 1339, yaani 1920 au 1921 kwa hesabu ya Kizungu. Tarakimu zinasomeka bila shida: minazi 42, miembe 12. Tarakimu hazina irabu, ndiyo raha yake. Shida ni neno moja katika mstari wa pili, baada ya "shamba la". Limeandikwa mimu, ze, ghaini. Basi.

Nilipelekwa na shangazi kwa mwalimu mmoja mzee wa chuo. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii inahusu nini?"

Nilikasirika kimoyomoyo. Mimi nimetoka Kibaha kwa daladala mbili ili yeye aniambie inahusu nini, naye ananiuliza mimi! Shangazi akasema kwa adabu, "Mambo ya shamba, mwalimu." Mzee akatabasamu, na palepale akaanza kusoma kama maji yanavyoteremka. Neno la kwanza lilikuwa shini na be. Alisema lingeweza kuwa shaba, lingeweza kuwa shiba, lakini limefuatwa na "la", na shaba haiwezi kufuatwa na "la", kwa hiyo ni shamba. Nikashika kichwa. Upatanisho wa kisarufi, ule tuliokuwa tunauchukia darasani, ulikuwa umemfanyia kazi ya irabu.

Lawama iliyozoeleka dhidi ya hati hiyo ni kwamba huwezi kuisoma mpaka ujue kilichoandikwa. Ni kweli, ila siyo kweli yote. Hakuhitaji kujua kilichoandikwa. Alihitaji mada. Barua za zamani zilifungua kwa salamu zilezile na kufunga kwa maneno yaleyale. Hati za mauzo nazo zina mpangilio wake: muuzaji, mnunuzi, mali, mipaka, bei, mashahidi. Aliyezizoea alikuwa anacheza mchezo wetu huku mada imeandikwa juu kwa wino mzito.

Lakini kwenye mimu, ze, ghaini hata yeye alisimama.

"Lina njia nne," akasema. "Mzigo. Mzinga. Mzungu. Mzenga." Akaeleza kwamba mwandishi stadi huivuta silabi yenye mkazo: angetia wau tungejua ni mzungu, angetia ye mzungu angetoka. Huyu hakutia kitu. Shamba la mzinga, labda lilikuwa na mizinga ya nyuki. Shamba la mzigo, labda lilinunuliwa kwa fedha ya upagazi. Hayo mawili akayaweka kando, yakabaki mawili yanayouma.

Yanauma kwa sababu ukoo umegawanyika. Upande wa babu mdogo wanalima Mzenga, na kwao neno lile ni Mzenga, kwa hiyo hati ni yao. Upande wa shangazi unashikilia kwamba ni shamba la mzungu, lile ambalo baba yake babu alimnunulia Mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka, na shamba hilo haliko Mzenga hata kidogo, liko karibu na barabara, na leo kila mtu anataka kiwanja karibu na barabara. Kuna shauri mbele ya baraza. Watu waliokula sahani moja wanapishana njiani bila salamu, na kisa ni alama mbili ambazo karani alizionea uvivu zaidi ya miaka mia iliyopita.

Nikirudi kwenye historia yenyewe: hoja ya upungufu huu ndiyo iliyotumika kuitoa hati ya Kiarabu. Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliandika kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa herufi za Kilatini. Chuo cha misheni hiyo kilikuwa Kiungani, Unguja, na vijana wake mwaka 1888 walikuwa na jarida lao, Msimulizi, lililochapwa kwa Kilatini. Vijana, jarida, uandishi. Mimi huwa nawaona kama babu zetu sisi tunaohangaika na kurasa hizi. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamia bara, na kilihamia wapi? Minaki, Kisarawe. Mwaka huohuo wakubwa wa elimu walikutana Dar es Salaam kuzungumzia Kiswahili kimoja cha mashuleni, mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki. Herufi za Kilatini hazikuwa tena jambo la kujadili.

Kwa hiyo hati yetu iliandikwa miaka michache tu kabla Minaki haijafunguliwa, katika wilaya ileile. Kwa upande mmoja wa Kisarawe kijana anafundishwa a, e, i, o, u. Kwa upande mwingine mwenzake wa rika moja anafundishwa alifu, be, te, na huyo wa pili, akikua, ataambiwa hajui kusoma. Kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 ilipokuja ilifundisha na kupima Kiswahili cha Kilatini. Hesabu za taifa zilikuwa za kujivunia, wasiojua kusoma walishuka hadi takribani asilimia 39 mwaka 1975, na sibezi, mama yangu ni matunda ya kampeni ile. Lakini bibi yake, aliyekuwa anasoma barua za mtaa mzima, alikaa dawati la mwanzo na watu ambao hawajawahi kushika kalamu.

Je, tulipata faida? Tulipata. Nisingependa kuiandika makala hii kwa njia nne kila mstari. Ila naona hati ile ililaumiwa kwa ugonjwa ambao msomaji wake aliufahamu na kuutibu kila siku. Hata sisi tuliuita wenyewe tena. Simu za mkononi zilipokuja na ujumbe wa herufi 160, nani alitufundisha kuandika "mmb" na "nkpnd"? Hakuna. Na nani alipotea? "Nkpnd" inayotoka kwa mtu wako saa nne usiku, mada unaijua.

Watoto wa pwani, kwa upande wao, wana Kinyume, ile lugha ya kugeuza silabi, ambayo Steere mwenyewe aliiwekea mifano katika kitabu chake. Angalia, Kinyume hakitoi irabu. Kinahamisha silabi nzima, konsonanti na irabu yake wameshikana mikono. Mtoto asiyejua sarufi anajua mahali pa kukata na mahali pa kutokata.

Mwezi uliopita baraza lilitaka nakala ya hati kwa herufi za Kilatini, na kwa kuwa mimi ndiye "mwandishi" wa ukoo, nikapewa kazi. Mwalimu akasoma, mimi nikaandika. Shamba, minazi, miembe, mpaka wa kaskazini, mashahidi watatu, vyote vikaenda. Nilipofika mstari wa pili shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu akitazama kalamu. Nikaandika m, z, g, na katikati nikaweka nukta.

Karani aliirudisha siku ileile. "Kijana, umeacha herufi hapa," akasema. "Jaza, halafu uilete." Niliitia mfukoni. Shangazi ameshapiga simu mara tatu, babu mdogo mara mbili.