Ufukaji, si Uzalishaji

Kila ombi la fedha za kusafisha hewa ya Afrika Mashariki siku hizi huja na maneno yaleyale: "teknolojia zenye uzalishaji mdogo wa hewa chafuzi". Yamo katika maandiko ya miradi ya majiko ya gesi na ya umeme, yamo katika hotuba za uzinduzi, yamo katika semina za halmashauri ambako huyatamka mmoja kisha akayarudia mwingine. Msomaji anajua kinachokusudiwa: chombo kinachotoa moshi na gesi kidogo kuliko kile kilichokuwapo. Dhana haina utata. Tatizo ni neno lililochaguliwa kuibeba, na hasa hilo uzalishaji.

Lipelekwe Kerende lionekane linavyofanya kazi. Kijiji hicho kiko Nyamongo, wilayani Tarime, jirani kabisa na mgodi wa dhahabu wa North Mara, kaskazini mwa Mto Mara. Ukivuka mto umeingia wilaya ya Serengeti. Mgodi ulianza uchimbaji mkubwa mwaka 2002, umepita mikononi mwa kampuni kadhaa, na leo Barrick inamiliki asilimia 84 na Serikali ya Tanzania asilimia 16. Kwa watu wa Kerende, uzalishaji una maana moja isiyohitaji kufafanuliwa: ni dhahabu inayotoka ardhini. Kijiji ni miongoni mwa vile vinavyopata mrabaha wa dhahabu hiyo, kwa hiyo uzalishaji ukishuka, na fedha za kijiji zinashuka. Sasa mtaalamu asimame kwenye mkutano wa kijiji aseme amekuja kuhamasisha watu wapunguze uzalishaji. Anayemsikiliza ana haki ya kuuliza ni vijana wangapi watakosa kazi.

Zaa ni kitenzi chenye ukoo mkubwa: mzazi, uzazi, kizazi, uzao, zao, mazao. Kikinyambuliwa kinakuwa zalisha, na kuzalisha kwa asili si kazi ya kiwandani hata kidogo. Ni kazi ya mkunga, kumsaidia mama ajifungue salama. Kutoka hapo neno likapanuka kwa haki kabisa. Shamba likazalisha mahindi, kiwanda kikazalisha saruji, mgodi ukazalisha dhahabu. Kila lilikokwenda lilikwenda na heri yake, kwa kuwa kinachozalishwa ni kitu kilichotakiwa na kusubiriwa. Moshi wa kuni haukutakiwa na mtu. Tafiti za afya zimeuhusisha moshi wa jikoni na watoto kuzaliwa wakiwa na uzito pungufu, na bado tunauita uzalishaji, kwa neno la mkunga! Wengine wamekimbilia utoaji. Hilo ni afadhali, ila utoaji umebebeshwa mizigo mingi mno: utoaji wa huduma, utoaji wa leseni, utoaji wa sadaka. Mtu hawezi kulisikia peke yake akajua moshi unazungumzwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupendekeza neno ufukaji mbele ya watu wenye dhamana ya kupitisha istilahi. Jibu lililorudi ni kwamba neno hilo ni la jikoni mno, halina hadhi ya kitaalamu. Mjadala ukaishia hapo. Jibu hilo linastahili kupingwa hadharani, kwa sababu jambo lenyewe ni la jikoni. Waliolikataa hawakueleza uzalishaji ulichaguliwa kwa kigezo gani. Kila dalili inaonyesha kwamba lilitafsiriwa kwa haraka, ripoti ikiwa inasubiriwa, likazoeleka, kisha mazoea yakapewa jina la usanifu.

Fuka ni kitenzi ambacho kila Mswahili amekitumia. Moto uliofukiwa majivu unafuka moshi. Chai iliyotoka jikoni inafuka mvuke. Barabara ya changarawe wakati wa kiangazi inafuka vumbi, na wakazi wa Nyamongo, wanaopishana na malori, hawahitaji mfano mwingine. Ukoo wake umekamilika. Kama waka inavyozaa washa, na shuka ikazaa shusha, ndivyo fuka ilivyozaa fusha, na fusha ikatupa mafusho, yale majani na dawa za kuchoma ili mgonjwa avute moshi wake. Tawi jingine ni fukiza, kwa maana ya kukifanya kitu kifuke kwa makusudi: udi na ubani katika chetezo. Mwaka 2020, wakati wa korona, Tanzania nzima ilizungumza habari za kujifukiza, kuanzia Ikulu hadi vijijini, na hakuna aliyesema neno hilo ni la jikoni.

Kuna jambo la ndani zaidi katika kitenzi hiki, nalo ndilo linalokifaa kwa sayansi. Kufuka hakuhitaji mtendaji. Moto unafuka wenyewe, bomba la gari linafuka lenyewe, iwe mtu ametaka au hakutaka. Zalisha ina kiambishi cha kusababisha ndani yake. Inadai kuwapo kwa mtu aliyekusudia. Hewa chafu haina aliyeikusudia. Ni masalia ya kuungua. Kwa hiyo ufukaji ni jina la kinachotoka chenyewe katika kitu kinachoungua au kinachochemka, kiwe moshi, mvuke au gesi isiyoonekana. Atakayesema gesi isiyoonekana haiwezi kufuka akumbuke kwamba mawimbi ya redio hayaonekani wala hayalowanishi, na neno wimbi liliyapokea bila malalamiko.

Sehemu ya pili ya istilahi, ile inayosimama badala ya "mdogo", ni haba. Kivumishi hiki hakibadiliki kwa ngeli, kwa hiyo hakimtesi mwandishi: ufukaji haba, majiko ya ufukaji haba, mafuta ya salfa haba. Huo wa mwisho ni mfano wa kweli. Tangu Januari 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Malori yanayovuka mpaka wa Sirari, hukohuko wilayani Tarime, yakaanza kutumia mafuta ya kiwango hicho pande zote mbili. Ni hatua kubwa ya kikanda ambayo karibu haijulikani, na sababu mojawapo ni kwamba haikupewa jina la Kiswahili ambalo dereva angeweza kulisema.

Wanaodhani neno la nyumbani haliwezi kufanya kazi ya kitaalamu waangalie jiko banifu. Bana, kubana matumizi, banifu: jiko linalotumia kuni au mkaa kwa uchache. Neno hilo limeenea, linaeleweka na limesimama bila msaada wa kamusi. Ni istilahi bora kabisa. Lakini linasema kweli moja tu, ya kuokoa kuni. Halisemi chochote kuhusu kifua cha mpishi, na hapo ndipo upungufu umekuwa na gharama. Nchini Malawi, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet ulifuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano, ambao baadhi ya familia zao zilipewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa. Hapakuonekana kupungua kwa nimonia. Jiko linaweza kubana kuni na bado likafuka vya kutosha kumuumiza mtoto mgongoni mwa mama yake. Lugha inahitaji maneno mawili kwa mambo hayo mawili, banifu kwa kuni na ufukaji haba kwa hewa, na anayenunua majiko kwa fedha za umma aulizwe yote mawili.

Mkanganyiko mwingine ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Neno lenyewe halina kosa. Mwandishi huyu analiheshimu. Mzizi wake ni kaa, lile kaa la moto lililotupa makaa, mkaa na makaa ya mawe, likavikwa u- na kuwa jina la kitu chenyewe kilichomo ndani ya mkaa. Kosa ni kulifanya jina la kila kibaya kinachotoka jikoni. Mama anayekohoa mbele ya mafiga haumizwi na hewa ukaa. Anaumizwa na chembe laini za masizi, zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi chini kabisa ya mapafu. Anayewasha mkaa ndani ya chumba kilichofungwa anauawa na monoksidi ya kaboni, ambayo ni gesi nyingine. Takwimu zinazotajwa na Serikali zinahusisha vifo takriban 33,000 kwa mwaka nchini Tanzania na hewa chafu ya majumbani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizo hadi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Hewa ukaa haimo katika kiwango hicho.

Tofauti hii ni ya fedha, si ya kamusi tu. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, kutoka asilimia 6.9 mwaka 2021. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati hiyo, ambako ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Sehemu ya fedha za sekta hii huja kupitia soko la kaboni, na soko hilo hulipa kwa tani za hewa ukaa. Kinachotajwa kwenye mkataba ndicho kinachopimwa, na kinachopimwa ndicho kinacholipwa. Mkataba ukitaja hewa ukaa peke yake, hakuna atakayelipwa kwa kupunguza masizi kwenye paa la jiko la Kerende.

Na hata hizo tani zina mashaka. Mwaka 2024 Annelise Gill-Wiehl na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi uliokuta kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilijihesabia upungufu mara 9.2 ya ule unaostahili. Mtafiti huyo anaujua mkoa wa Mara. Kabla ya hapo alishiriki utafiti wa Shirati, wilayani Rorya, jirani na Tarime, ambako wahudumu wa kijiji, kwa mfano wa wahudumu wa afya ya jamii, walipita nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu kutumia gesi ya mitungi kwa usalama. Huko ndiko fedha zinakopaswa kutazama pia, kwa mtu anayebaki kijijini baada ya jiko kugawiwa.

(Kuhusu "mikopo ya kaboni", tafsiri inayopatikana katika maandiko mengi, yatosha kusema kwamba si mkopo. Mwanakijiji anayesikia mkopo anafikiria marejesho na riba. Ni hati. Iitwe hati ya kaboni.)

Anayetaka kujua kwa nini kugawa mitungi hakutoshi aingie jikoni wakati wa chakula cha jioni. Mtungi wa kilo 6, ambao Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini imekuwa ikiuuza kwa ruzuku ya nusu bei, una kichomeo chake juu yake. Unafaa sana kwa chai, uji na kupasha mboga. Lakini ugali wa mtama na muhogo ni mzito. Kuusonga kunataka sufuria isiyocheza, mkono mmoja umeibana, mwingine umekamata mwiko kwa nguvu zote. Sufuria pana juu ya mtungi mwembamba inayumba, na mpishi anaogopa. Anarudi kwenye mafiga matatu, yaliyokaa imara chini, na hapo moshi unaanza tena, unapanda, unaganda kwenye mapaa yaliyokwisha kuwa meusi ya kung'aa. Katika takwimu, nyumba hiyo imehesabiwa kuwa ya nishati safi. Kipimo cha ufukaji kingesema vingine.

Wapo wanaodai kwamba ufukaji linagongana na ufukuaji, na kwamba kwenye eneo la machimbo hilo ni balaa. Halina balaa. Kiswahili kina paa la nyumba na paa wa porini, na hakuna aliyewahi kupotea. Wengine wanasikia ufukara ndani yake. Hao wanasikiliza kwa hila; mzizi wa fukara ni wa Kiarabu na hauna undugu wowote na fuka.

Kwa matumizi: kitenzi ni fuka, jina ni ufukaji, kinachotoka kiitwe kifuko au, kwa anayehofia kwamba watu watasikia mkoba mdogo, mfusho, kiwango chake ni kiwango cha ufukaji, na chombo kinachofaulu ni cha ufukaji haba. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kila kampuni ya uchimbaji iandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuupeleka kwa halmashauri. Mpango wa Tarime ukiandikwa tena, na ukigusa majiko ya shule zinazopika makande kwa kuni, kifungu kinaweza kusomeka hivi: shule itapewa jiko la ufukaji haba, na ufukaji wake utapimwa jikoni, sufuria ikiwa motoni, kabla mzabuni hajalipwa.