Charlotte Moorman na Suala la Umiliki wa Onyesho katika Muziki wa Majaribio, 1963–1991

Historia ya muziki wa majaribio nchini Marekani imeandikwa zaidi kama historia ya watunzi. Mpigaji huonekana humo kama chombo cha kufikishia mawazo ya mwingine. Maisha ya Charlotte Moorman (1933–1991), mpigaji wa selo aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, yanaonyesha jinsi mtazamo huo unavyopotosha.

Moorman alipata mafunzo ya muziki wa kikale wa Ulaya, yakiwemo ya chuo cha Juilliard, New York, na kupiga katika okestra ya American Symphony chini ya Leopold Stokowski. Mwaka 1963 alianzisha tamasha la sanaa ya majaribio lililofanyika mara 15 hadi mwaka 1980. Lilianzia katika ukumbi wa kawaida, kisha likahamia mahali ambapo umma ulikuwa tayari unapita: bustani ya Central Park, kivuko cha Staten Island, kituo cha treni cha Grand Central, hata uwanja wa michezo wa Shea. Kupata mahali pa namna hiyo kulihitaji vibali na ushawishi wa miaka mingi, na kazi hiyo aliibeba yeye. Wanahistoria wengi huitaja kwa sentensi moja tu, ilhali bila hiyo kazi za watunzi kadhaa zisingesikika nje ya duara dogo la marafiki zao.

Ni kupitia tamasha la mwaka 1964 ndipo alipoanza kushirikiana na Nam June Paik, msanii mzaliwa wa Seoul. Tarehe 9 Februari 1967 walionyesha mjini New York kazi ya Paik iitwayo Opera Sextronique, ambayo sehemu yake ya pili ilimtaka Moorman apige selo akiwa kifua wazi. Polisi walilikatiza onyesho na kuwakamata wote wawili. Mwezi Mei mahakama ilimtia Moorman hatiani kwa kujianika hadharani, ingawa adhabu iliahirishwa. Paik, aliyeibuni kazi hiyo, hakutiwa hatiani. Moorman alipoteza nafasi yake katika okestra, na magazeti yakambandika jina la kejeli ambalo halikumtoka tena.

Hapa ndipo penye utata unaostahili kuzingatiwa. Mbele ya sheria, tendo lilikuwa la Moorman, kwa kuwa mwili ulikuwa wake. Katika orodha za sanaa, kazi hiyohiyo ni ya Paik. Kwa maneno mengine, lawama ilimfuata mtendaji, sifa ikamfuata mtunzi.

Wala Moorman hakuwa mtekelezaji mnyenyekevu wa maagizo. Kazi ya John Cage ya mpigaji wa ala ya nyuzi, 26'1.1499", aliipiga kwa miaka mingi akiiongezea sauti za bastola, simu na hata mapishi jukwaani. Cage, ambaye nota zake ziliruhusu sauti nyingine zisizo za nyuzi, hakupendezwa na matokeo. Kuudhika kwake ni ushahidi bora kuliko sifa yoyote: uhuru uliotolewa kwenye karatasi ulikuwa umechukuliwa kwa dhati.

Ushirikiano na Paik uliendelea. Mwaka 1969 Moorman alivaa sidiria yenye televisheni mbili ndogo, na sauti ya selo ikawa inabadilisha picha zake. Mwaka 1971 ikafuata selo iliyoundwa kwa televisheni tatu zilizopandanishwa. Saratani ya titi ilipompata mwishoni mwa miaka ya 1970 hakuacha jukwaa, na aliendelea kufanya maonyesho hata alipokuwa na maumivu makali. Alifariki New York, Novemba 1991. Nyaraka zake sasa zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Ile selo ya televisheni, ambayo yeye ndiye aliyeipa sauti, bado huorodheshwa katika makumbusho kwa jina la Paik.